Weris na Mgeni Aliyekunywa Kwanza

Ukitaka kumuudhi Weris Barre, mwambie kompyuta imezeeka. Atakutazama kama mtu aliyemtukana ngamia wa babake. Kwake mashine hailaumiwi kabla ya kuulizwa, naye anajua kuiuliza: anaandika amri zake kwenye skrini nyeusi, mashine inamjibu.

Ndiye mtunzaji wa kompyuta katika zahanati moja ndogo ya Buna. Alikulia kwenye visima vya mji huohuo, akiwajazia ngamia hori, kabla hajaenda Wajir kusomea kazi hii. Majirani walisema masomo hayo ni kumpoteza binti bure. Leo simu zao zikigoma, wanaijua njia ya kwake.

Siku moja Mulki aliletwa kwa pikapu, akiugua uchungu wa kuzaa. Muuguzi Osob, shangazi yake Weris, akampiga picha za tumbo, maana alishuku mtoto amelala vibaya. Daktari wa kuzisoma alikuwa Garissa, naye alikuwa karibu kuingia chumba cha upasuaji. Picha zikatumwa, zikakwama njiani. Kadar, meneja, akashauri kompyuta izimwe iwashwe upya. Weris akakataa. Walikuwa wakifanya hivyo kila asubuhi, na uzito ulirudi uleule.

"Eddo," akamwambia shangazi yake, "nipe nafasi nione kinachoila."

"Mulki hana nafasi ya kukupa," shangazi akajibu.

Weris akaiunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake, akaandika: sudo apt install htop. Ni programu ndogo tu, kazi yake kuonyesha kila kinachoendelea ndani ya kompyuta na kila kimoja kinakula kiasi gani. Mtandao wa Buna ukasuasua, ukafika. Akaifungua, na mlafi akajitokeza juu kabisa ya skrini.

Weris akamtambua, na aibu ikamshika. Ilikuwa programu ya kunakili mafaili, iliyowekwa na fundi mgeni kutoka Nairobi. Aliyeipa nafasi ya mbele ni Weris mwenyewe. Kisimani kwao ngamia wa mgeni hunywa kwanza, na yeye, bila hata kuwaza, aliitendea kazi ya mgeni vivyo hivyo. Fundi akaenda zake. Programu ikabaki horini ikinywa, zahanati nzima ikingoja nyuma yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu alikaa miezi bila kuushika mpini.

Mwingine angeiua kwa hasira. Weris hana papara za namna hiyo, na hapo ndipo anapostahili heshima. Nakala zile ndizo kinga ya mafaili ya wagonjwa, na kuikatiza katikati ni kuharibu kazi ya watu. Akaishusha daraja mpaka mwisho wa foleni, inywe wenzake wakishakunywa. Picha zikaanza kwenda.

Daktari alijibu kabla hajavaa glavu. Mtoto amelala mkingamo, hatatoka mwenyewe, mama apelekwe Wajir akapasuliwe sasa hivi. Gari likaondoka. Weris alikaa chini akalia kidogo, kwa woga uliochelewa kumfikia.

Tangu hapo huifungua htop kila asubuhi kabla ya chai, kama mfugaji anayekagua zizi, na mtandao ukiwa mwepesi huisasisha. Fundi akija siku hizi hupewa maziwa na kiti kizuri, na kazi yake hupanga foleni.

Majuma yakapita, Mulki akarudi na binti mchanga kwa chanjo ya matone. Foleni ilikuwa imefika uani, naye akaenda kusimama mwisho. Weris akatoka, akamshika mkono, akampitisha mbele ya wote. Mzee mmoja wa rika la wajomba zake akanung'unika kwamba kila mtu ana zamu yake.

Weris akamfunulia uso wa mtoto.

"Huyu ndiye mgeni, abti," akasema. "Mwache anywe kwanza."

Mzee akasogeza bakora yake, wakapita.