Nilitembea mbele ya gari lililombeba mwanangu

Admin, ficha jina langu. Hilo jina ndilo linaloniuma, mtaona mbele.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kidogo, nauza unga wa muhogo sokoni Baraka. Sokoni wananiita kwa jina la mtoto wangu wa pili, kama mama yeyote. Wanaonifahamu wanajua nina mdomo mkali, lakini kwa jambo hili mdomo umenifia kabisa.

Wakati wa vita vya pili vya huku kwetu, binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu. Nimwite Furaha. Tulikuwa tunakimbia kutoka upande wa Mboko kwenda Baraka, tupate boti ya kuvuka ziwa hadi Kigoma. Tulipata nafasi kwenye pikapu moja kuukuu, watu tumebanana juu ya mizigo.

Njiani kuna mto ambao daraja lake lilikuwa limevunjwa. Kiangazi unakuwa mchanga na mawe matupu, magari yanashuka na kupita katikati. Siku hiyo milimani kulikuwa kumenyesha, na maji ya udongo yalishaanza kuteremka. Utaratibu tuliujua wote: watu wazima wanashuka ili gari liwe jepesi, wagonjwa na watoto wadogo wanabaki ndani, na mtu mmoja anatangulia kumwonyesha shofere njia. Pale mbele, kando ya shofere, alibaki mama mmoja mjamzito mwenye homa, nimwite Mama Riziki. Nikamwekea Furaha mapajani.

Shofere akauliza, "Nani iko najua huu muto?"

Nilisema ni mimi. Nilikulia kijiji cha jirani, na kwenye mchanga ule ndiko tulikochimba mashimo ya kulowekea muhogo. Gurudumu likiingia katika shimo moja, gari halitoki, na maji yanakuja.

"Basi tangulia, mama. Mi nitafwata miguu yako. Nikifika kule juu nitasimama, mupande bote."

Nilifunga kitenge juu ya magoti nikaingia. Nilipapasa kwa mguu kila hatua, mkono hewani: huku, hapana, rudi kidogo, haya njoo. Maji yalikuwa ya magotini, yakapanda mapajani. Kisha nikasikia kokoto zinanigonga vifundoni, na tuliokulia pale tunajua maana yake, maji makubwa yako nyuma yake. Nilitaka kukimbia. Lakini mtu huwezi kukimbia na gari linafuata nyayo zako, na mwanao yumo ndani.

Katikati gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka bure mchangani. Wanaume wakasukuma, wakatia mawe. Furaha alikuwa analia na kupiga kioo kwa viganja. Nikageuka nikamwambia, "Usilie, mama iko hapa mbele. Angalia mugongo yangu tu."

Akanyamaza. Gari likatoka. Nilikuwa nimefika kwenye mteremko wa ng'ambo, nikasogea pembeni lipande, na hapo ndipo risasi zilipoanza kulia kutoka kilimani. Watu walitawanyika kwenye matete. Shofere hakusimama juu. Simlaumu, ningekuwa mimi pia nisingesimama. Lakini njia aliyompitishia mwanangu niliionyesha mwenyewe, kwa miguu yangu hii.

Nililala kwenye matete hadi bunduki ziliponyamaza, mto umejaa ukingo hadi ukingo. Niliogopa barabara, nikazunguka kwa njia za milimani, na nilipofika Baraka boti zilikuwa zimeshavuka. Nilitafuta. Kila aliyerudi kutoka Kigoma nilimuuliza, mpaka watu wakawa wananikwepa.

Mwaka jana Mama Riziki alikuja kununua unga kwangu. Tulitambuana hapo hapo, na yeye akakaa chini kwenye vumbi. Furaha yuko hai. Ameolewa, wamerudi kutoka Kigoma hivi karibuni, anaishi hapa hapa Baraka, ana mtoto wa kike. Nililia mpaka majirani wakafikiri nimefiwa.

Ndipo akaniambia yaliyobaki. "Tulifikiri mayi ilikubeba. Nilimwambia mama yake alikufa akituonyesha njia. Nyuma yake, kule kambini Kigoma, nikasikia uko muzima. Nikanyamaza. Ule wa tumbo yangu alikufa, dada. Sikukuwa na mwingine. Akijua leo, atanichukia. Niachie yeye."

Nilimtukana matusi yote ninayoyajua. Halafu nikakumbuka kwamba alikuwa na homa na tumbo, na bado alimshika mwanangu na kumlea mpaka akawa mtu mzima mwenye heshima. Nimemchukia na kumshukuru kwa wakati mmoja, hata sijui kipi kimezidi. Na msiniambie niombe tu, nimeomba mpaka magoti yameota sugu.

Sasa Furaha ananunua unga kwangu; mimi namjua, yeye hanijui. Mama Riziki hajui kwamba anakuja kwangu. Siku moja, nikimpimia, akasema, "Mama, we ni mutu wa Mboko? Mama yangu alikufa ku ule muto. Sura yake siikumbuke. Nakumbuka mugongo yake tu." Nilipima kikombe kile mara mbili bila kujua.

Mtoto wake amempa jina la mama yake marehemu. Yaani langu, hilo mlilolificha hapa juu.

Juzi amekuja naye. Mtoto akatambaa kuelekea barabarani, pikipiki zinapita, Furaha akaita jina lile kwa nguvu. Nikaitika, "Abee," kabla sijafikiri.

Alimnyanyua mtoto, akaniangalia muda mrefu. "Si we, mama," akasema taratibu. "Naita mutoto."

Niliinama kwenye unga wangu. Atarudi Jumamosi, ndiyo siku yake. Ndugu zangu, akiita tena, niitike?