Ukuta wa Ng'ombe wa Baba

Mwaka mzima nilikuwa Uingereza nikipima gofu la ngome ya kale kwa ajili ya digrii yangu, mpakani na Uskoti. Huko nako watu waliibiana ng'ombe kwa karne nyingi, ndiyo maana ngome ilijengwa vile: kuta nene kupita urefu wa mkono wangu, uwanja wa mifugo, mlango mmoja mwembamba. Leo watalii wanapiga picha mahali wezi waliponyongwa, wanacheka. Sisi wa Isiolo tukiibiana tunaitwa washenzi. Iliniuma, lakini niliendelea kuchora.

Picha nilimtumia baba kwa simu. Yeye anafuga ng'ombe kule Leparua, Isiolo, na msimu uliotangulia alivamiwa njiani akihamisha ng'ombe, akabaki na wachache. Aliniuliza maswali mengi kuhusu unene wa ukuta na upana wa mlango. Nilifurahi kama mjinga. Kwa mara ya kwanza mzee alijali masomo yangu.

Niliporudi nilikuta boma la miiba limeng'olewa. Mahali pake palisimama ukuta wa mawe na saruji, wenye mlango wa kupita ng'ombe mmoja mmoja. Majirani waliuita jela ya ng'ombe. Ulijengwa sawasawa, siwezi kumnyima hilo.

Kisha mvua ikagoma. Majirani walipeleka mifugo yao kwenye nyasi za kule mlimani. Nilimsihi baba tuwafuate, akakataa katakata. Alisema njiani ndiko alikoporwa, na ndani ya mawe haya hakuna mtu angemgusa. Kweli, hakuna aliyemgusa. Hata mwizi hakuja kutuangalia. Kila asubuhi tulikuta ng'ombe mwingine amelala, na kuupitisha mzoga kwenye mlango ule ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Nilimchukia baba, nikauchukia mlango, nikaichukia digrii yangu.

Siku moja alikaa kwenye kivuli cha ukuta, akauliza bila kunitazama:

"Hao wazungu wako, wakifungiwa huko ndani na adui, ng'ombe zao zilikuwa zinakula nini?"

Nilikuwa nimeandika sura nzima ya tasnifu yangu juu ya jambo hilo.

"Hazikuwa zinakula, baba. Watu walizichinja. Zikiisha, wanamfungulia adui mlango."

Halafu akanituma nilete kisu, maana ng'ombe mmoja alikuwa bado amesimama.