Salamu za Herufi Mbili

Mtu akinisifia kasi ya vidole vyangu huwa nageuza mazungumzo. Wenzangu kazini wanadhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu hata kidogo, ni aibu, na nimeishi nayo karibu miaka thelathini.

Miaka ile ya tisini kila mwenye chumba cha mbele alikigeuza duka. Tajiri wangu alikigeuza chake, kule Vingunguti kwenye njia ya kwenda machinjioni, kuwa ofisi ya uchapaji. Alileta kompyuta moja kuukuu kutoka Dubai, akawa anaifunika kitambaa cha kufuma kila jioni, akaniweka mie mbele yake kwa sababu nilikuwa nimetoka kusomea uhazili na nilichapa bila kutazama vidole. Watu walikuwa wanapunguzwa kazini kwa makundi, hivyo kutwa nilichapa barua za kuomba kazi. Zilifanana kama sare za shule, na mie kurudia jambo hunipandisha hasira.

Ndipo nikagundua kwamba ile kompyuta inafundishika. Unaiandikia maneno mara moja, unayapa herufi mbili. Kesho ukigonga zile herufi mbili na kitufe kimoja, maneno yote yanashuka yenyewe kwenye kioo. Nikaifundisha kuanzia "Yahusu: Maombi ya Kazi" mpaka "Wako mtiifu". Barua ya nusu saa ikawa ya dakika tano. Niliringa, sitaki kudanganya. Tajiri akiwa na wageni aliniita niwaonyeshe, nami nilibonyeza kitufe nikiangalia pembeni, kana kwamba si kitu.

Miongoni mwa wateja wetu alikuwepo mzee mmoja, mchunaji ngozi pale machinjioni. Alikuja mara moja kwa mwezi, Jumamosi asubuhi, ameoga na kuvaa kanzu, ila kucha zake hazikutakata kamwe. Aliandika Kiswahili vizuri kwa herufi za Kiarabu, lakini mwanawe wa pekee wa kiume, aliyekuwa kibarua Maskati, alijua herufi za shule tu. Simu kule alikolala hakuna. Basi mie ndiye niliyekuwa kalamu ya yule mzee.

Tatizo lake lilikuwa salamu. Habari zenyewe hazikuzidi mistari minne, ila salamu! Alifumba macho akawa anapita mtu mmoja mmoja, kama anayezunguka nyumba chumba kwa chumba. "Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mama yako anakusalimu sana. Shangazi yako anakusalimu. Dada zako wote wawili wanakusalimu. Jirani wa nyuma anakusalimu, na mguu wake umepona." Kila mtu na pumzi yake. Nyuma yake watu wanakohoa kwenye foleni, mie naguna kimoyomoyo.

Baada ya barua ya tatu nikaifundisha kompyuta salamu zake zote. Nikazipa herufi mbili, "sz", salamu za mzee. Tangu siku hiyo yeye akianza kufumba macho, mie nilishamaliza, nimekaa naangalia barabarani.

Jumamosi moja alikuja akiwa mpole kuliko kawaida. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akakaa. Akafumba macho akaanza. Nikabonyeza. Zikashuka.

"Shangazi yako anakusalimu," alikuwa akisema. "Dada zako wanakusalimu..."

"Salamu nishaandika, baba. Twende kwenye habari."

Alifumbua macho. "Umeziweka kama ninavyosema?"

"Kama unavyosema, baba."

Akanitazama kidogo, kisha akasema: "Basi andika hivi. Ukipata barua hii, omba ruhusa uje nyumbani. Usichelewe."

Sikuuliza kuna nini. Kawaida nilimsomea mteja barua yake yote kabla ya kuitoa kwenye printa. Siku ile nilimsomea ule mstari wa mwisho tu, nikamwambia salamu ni zilezile. Akaikunja barua mara nne, akaenda zake posta.

Alirudi baada ya kama miezi miwili. Mkononi alikuwa na bahasha na mfuko wa nailoni, vimeletwa na mtu aliyetoka Maskati. Akataka nimsomee. Nikasoma kwa ile sauti yangu ya ofisini:

"Baba, nimefurahi sana kusikia nyote hamjambo, na mama amenisalimu. Ruhusa niliomba, bosi akakataa. Sikumng'ang'ania, maana nimeona nyumbani ni salama. Nitakuja mwakani, inshallah. Nimeleta kitambaa cha buibui cha mama. Mwambie akishone, apige picha, nimwone."

"Rudia hapo," alisema mzee.

"Wapi, baba?"

"Hapo pa mama."

Nikarudia. Akaufungua ule mfuko, akatoa kitambaa cheusi, kizuri, akakiweka mapajani na kukipapasa kwa zile kucha zake.

"Mama yake tulimzika wiki ile niliyokuja kwako," alisema. "Arobaini yake imeshapita."

Niliiweka barua mezani.

"Sie mtu wa mbali hatumwandikii kifo," aliendelea, taratibu, kama anayemweleza mgeni. "Yuko peke yake huko, nani atamshika? Unamtajia watu wote, mmoja unamruka. Anajua mwenyewe, anafunga safari. Nilimruka mama yake, mwanangu. Nilikaa usiku kucha nikijizoeza kumruka."

Alikuwa amemruka kweli. Alianza na shangazi, mbele yangu, umbali wa mkono mmoja, na masikio yangu mazima kabisa. Sikulisikia pengo kwa sababu sikuwa nasikiliza. Nilikuwa na herufi zangu mbili.

Ningeweza kumwambia hivyo. Nilikuwa mtu mzima, nalipwa, nimelelewa na wazazi walionifundisha kuomba radhi. Badala yake nikaielekezea kidole ile kompyuta, iliyokuwa imekaa pale haina hili wala lile.

"Ni hii mashine, baba. Imekosea."

Mzee aligeuka akaitazama. Hakuwa amewahi kuitazama kwa makini. Aliangalia kioo, akaangalia vitufe, akaangalia kitambaa cha kufuma kilichokunjwa juu yake. Kisha akanigeukia, na usoni mwake hapakuwa na hasira wala kejeli. Alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua.

"Sasa mwanangu, hii mashine ilimjuaje mke wangu?"

Nikamwambia sijui.