Valvu Zinazoamka Mapema

Gari yangu niliitaka ivute, basi. Ni gari ndogo ya Kijapani, otomatiki, naibebesha mifuko ya mawe ya dhahabu kutoka maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, hadi kwenye karasha la kusagia, na kila mlima ilikuwa inalalamika mpaka naona aibu. Mdogo wangu, fundi wa magari pale Katoro, akaniambia, “Kaka, injini yako siyo mgonjwa. Valvu zinachelewa kuamka.”

Akanieleza taratibu, maana ananijua kichwa changu kigumu. Injini ikifika mzunguko fulani, presha ya oili inaisogeza kamshafti, chuma kinachofungua valvu, kidogo, valvu zinafunguka mapema, gari inapata nguvu. Kiwandani pointi hiyo wameiweka juu. Yeye akachomeka laptopu akaishusha. Kisha tukaijaribu kama tunavyojaribu gari huku: tukaijaza mifuko ya mawe asubuhi, jua halijawa kali, tukapanda mlima. Ilivuta mpaka nikacheka peke yangu.

Kosa ndilo hilo. Huku gari inapimwa kwa mzigo, hakuna anayeipima kwa joto. Mchana oili ikichemka inakuwa nyepesi, presha inashuka, na ukienda polepole valvu zinatakiwa kuamka wakati nguvu ya kuziamsha haipo. Gari inatetemeka, inakosa silensa, yaani haiwezi kunguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta, inazima. Nilimfokea. Akasema, “Jumapili tukitoka misa naipandisha kidogo.”

Jumapili haikumkuta. Kama vijana wengi wa hapa, naye alikuwa na nafasi yake kwenye duara. Kazi za gereji zikilala, anashuka kuchimba. Alhamisi mchana matimba, yale magogo yanayozuia ukuta, yakaachia, ukuta ukamwangukia. Wenzake walimtoa bado anapumua, kifua kimebonyea. Gari iliyokuwa karibu ni yangu, ya moto, nimetoka kushusha mawe. Tukamlaza nyuma juu ya mifuko mitupu, na mimi nikashika usukani.

Barabara ile ni mashimo matupu. Nikikimbia, mbavu zinamchoma. Nikienda polepole, gari inazima. Nilipunguza kwa kumhurumia, ikatetemeka ikazima. Nikawasha. Mbele kidogo ikazima tena, na nikapiga usukani kwa ngumi kama mwendawazimu.

Ndipo nikasikia sauti yake nyuma, ndogo kabisa. “Usiachie mafuta, kaka.”

Nikakanyaga. Kila shimo nilimsikia. Nilikuwa nalia huku namtukana, mjinga wewe na laptopu yako, ungeniachia gari yangu ilivyokuwa. Kabla hatujashika lami akawa hatoi sauti tena. Sikugeuka kumtazama. Nilikanyaga hivyo hivyo mpaka mlangoni pa hospitali, na muuguzi alipofungua nyuma hakuita machela.

Mama ni mtu wa kanisa. Aliponiuliza mwanawe alisema nini mwisho, nilijua anatamani kusikia kwamba alisali. Nikamwambia kama yalivyotoka. Halafu msiba mzima, kila anayekuja kutoa pole, mama anamshika mkono anamwambia, “Mwanangu alisema usiachie mafuta.” Mama hajawahi kuendesha hata baiskeli. Watu waliitikia tu, wakaenda kukaa.

Watu walipotawanyika aliniita jikoni, akaniuliza, “Na wewe hukuachia?”

“Sikuachia, mama.”

“Hata alipolia?”

“Hata alipolia.”