Mahari Iliyonong'onwa Kisian

Nina diploma moja ya bima. Niliipata kwa masomo ya jioni Dubai, nikitoka kukagua magari yaliyobondeka kwenye yadi ya kampuni, na tangu siku niliyokabidhiwa hakuna mtu aliyethubutu kunipa mtihani mwingine. Nilirudi Kisumu na pesa zangu, nikafungua ofisi ya uwakala wa bima, nikanunua gari ambalo halijawahi kusukumwa, na nikamsomesha binti ya marehemu kaka yangu hadi chuo kikuu. Nayasema haya mapema ili msomaji asiyasikie kwa watu wengine yakiwa yamepunguzwa.

Binti huyo alichagua kuwa aktuari. Aktuari ndiye anayekaa nyuma ya kila kampuni ya bima na kila mfuko wa pensheni, akikadiria kwa hesabu watu wataishi muda gani na watagongana mara ngapi, ndipo mimi wakala nijue nikuuzie kwa bei gani. Yeye anapiga hesabu, mimi napiga mdomo. Huku kwetu kila mtoto anayepata A ya hesabu husukumwa kwenye digrii hiyo na wazazi ambao hawawezi hata kuitamka, kwa hiyo wahitimu wamejaa tele. Mimi mwenyewe nimeajiri wawili. Wanauza bima ya bodaboda kwa komisheni, na wananiita Bosi.

Lakini aktuari aliyekamilika, yule mwenye haki ya kutia sahihi, ni kitu kingine. Baada ya digrii kuna mitihani ya kitaaluma inayotoka Uingereza, karatasi baada ya karatasi, mara mbili kwa mwaka, na wengi huchoka njiani wakaenda kufundisha au kukaa benki. Anayevumilia hupandishwa mshahara kila anapopita. Akimaliza, kampuni humgombania, maana wako wachache mno. Binti yetu alikuwa amepita miaka thelathini na alibakiza karatasi moja. Mwajiri wake Nairobi alimwambia waziwazi: akiipita, kiti cha mkuu wa kitengo ni chake. Akianguka, watatafuta mtu mwingine.

Karatasi hiyo ikaangukia Jumamosi ambayo familia mbili zilikwisha kukubaliana kuwa ya ayie, siku wakwe wanapokuja kumkabidhi mama wa msichana heshima yake na kuanza mazungumzo ya ng'ombe. Siku hizi mtihani hufanyiwa nyumbani kwenye kompyuta, kamera ikikutazama. Mtu akiingia chumbani, au sauti ya mtu mwingine ikisikika, karatasi inaweza kufutwa. Binti alisema ayie iahirishwe. Mimi nikasema hapana, hilo niachieni mimi.

Mtihani ungeisha saa saba. Sasa, nimeishi na watu wa ziwa hili maisha yangu yote, ukiondoa miaka ya Dubai. Ukitaka waje saa nane, waambie saa nne. Niliwaambia wakwe saa nne.

Walikuwa wametoka Sondu, mbali na ziwa, na wakafika saa nne.

Nilisikia gari langoni kwetu Kisian, nje kidogo ya Kisumu, nikiwa bado nafunga tai. Wanawake walikuwa wanashuka, na shangazi wa bwana harusi, mama mwenye duka la nafaka na sauti ya kurudisha basi lililokwisha kuondoka, alikuwa anavuta pumzi ya wimbo wa kwanza. Nilikimbia. Nilimfikia kabla ya wimbo na nikamwambia neno ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia mkwe siku ya kwanza: nyamaza.

Alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Hapa kuna msiba?" akauliza. Kisha akajijibu. "Hapana. Hata msiba una kelele."

Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba bibi harusi alikuwa chumbani anafanya mtihani.

"Mtihani gani tena, Baba? Si mlituambia ana digrii?"

Tukawaingiza wageni uani, mmoja mmoja, kama watu wanaopita mbele ya mbwa aliyelala. Wakakaa chini ya hema wakitazamana. Jogoo wa shemeji yangu, mama wa msichana, akapanda kwenye tangi la maji akanyoosha shingo. Shangazi alimnyakua kabla hajafungua mdomo, akamfunika kwa leso, akakaa naye mapajani.

Msemaji wao, mwalimu mkuu mstaafu, aliinama kuniuliza kama msichana huwa anaanguka sana, maana kwake mwanafunzi wa miaka thelathini na kitu alikuwa na maana moja tu. Hapo nikaona ni lazima nimwelimishe. Nikamweleza kuhusu ngazi za mitihani, kuhusu mwajiri anayelipa ada na kumpa likizo ya kusoma, kuhusu mshahara unaopanda, kuhusu kampuni zinazonyang'anyana watu. Nikamweleza pia kuhusu diploma yangu, ili apate kulinganisha. Nilikuwa nimefika Dubai nilipohisi mkono begani. Alikuwa shemeji yangu, miguu mitupu.

"Nimesimama koridoni," aliniambia sikioni. "Sauti inayofika mlangoni ni moja tu. Ni yako."

Nikanyamaza. Jambo hilo halijatokea mara nyingi.

Mwalimu akaona nafasi yake. Akasogeza kiti na kuanza kunong'ona kwamba, kwa maelezo yangu mwenyewe, msichana bado ni mwanafunzi, na mwanafunzi haombewi ng'ombe wa daktari. Nikanong'ona kwamba mshahara wake wa sasa unazidi wa daktari.

"Basi hao ng'ombe atajinunulia mwenyewe," akasema.

Nilitaka kupiga meza. Haikuwezekana. Nilitaka kuinuka kwa hasira niondoke, kama inavyotakiwa angalau mara moja katika mazungumzo ya aina hii, lakini ningekwenda wapi, na lango lile la chuma linapiga yowe? Wazee wa pande zote mbili waliinamiana hadi vichwa vikakaribiana, kama watu wanaopanga kuvunja benki. Jaribu kumdharau mtu kwa kunong'ona, utaona ilivyo kazi. Dharau haitoki, kinachotoka ni kama unamwomba kitu. Kabla chai haijapoa tulikuwa tumekubaliana, na nikapata ng'ombe wote niliowataka isipokuwa mmoja.

Saa saba mlango wa chumba ukafunguliwa. Msichana akatoka na macho mekundu, akakuta kijiji kizima kinamtazama kimya. Shangazi akamuuliza kama amemaliza.

"Nimemaliza, Mama."

Shangazi akamwachia jogoo. Vigelegele vyake viliwatoa majirani nje hadi barabara ya Busia.

Binti yetu alianguka. Matokeo yalipotoka alinipigia simu kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Alisema si kelele, ni swali moja la pensheni alilolielewa vibaya. Nilimwamini, kwa sababu ilinifaa kumwamini. Kuhusu kile kiti, mwajiri wake alitangaza nafasi, akatafuta, na miezi ikapita kiti kikiwa kitupu, kwani aliyekamilika hapatikani sokoni kama omena, dagaa wetu wa ziwani. Wakamwambia ajaribu tena.

Kikao cha mtihani kilichofuata kilimkuta ameolewa, yuko Sondu kwa wakwe zake, ambako alisema mtandao ni mzuri na watu wanaelewa. Asubuhi ya mtihani niliendesha gari kwenda kumpa moyo, na nikamkuta shangazi ameketi kwenye stuli nje ya lango. Alikwisha kumrudisha mchungaji. Alikwisha kumrudisha mwenye mashine ya kusaga, na mashine yenyewe ilikuwa imezimwa.

"Omera, rudi kwa gari," aliniambia, kama anayemwambia ndugu yake.

Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye niliyemsomesha.

"Najua. Ulituambia. Funga na madirisha."

Nilikaa ndani ya gari langu, madirisha juu, jua la Sondu likinichoma suti ya Dubai, hadi mchana. Sikusema neno, hata kwa simu. Karatasi hiyo aliipita, na kiti ni chake.