Nyumba Tuliyowasafishia Wageni

Komisionere, dalali wa nyumba, alikuwa na tabia ya kubisha hodi akiwa tayari yuko ndani. Mara ya kwanza alikuja mwishoni mwa kiangazi, ametumwa na kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa amepatana naye mjini kabla mimi sijaambiwa neno. Alisimama katikati ya sebule ya marehemu baba, akavuta hewa puani, akasema:

“Maman, humu munanuka makayabo. Hakuna muntu atachukua nyumba yenye kunuka samaki ya chumvi.”

“Inanuka juu tunakulaka,” nilimjibu.

“Basi mukule kintu ingine mpaka tuuzishe.”

Hivyo ndivyo nilivyopata bosi katika nyumba niliyokulia.

Niseme wazi ni nani aliyetaka kuuza, kwa sababu baadaye mtaa mzima ulidanganya juu ya jambo hilo. Aliyetaka ni mama. Nyumba yetu iko Kampemba, hapa Lubumbashi, mahali ambapo barabara iko juu kuliko ua. Kila masika maji yaliingia kwa lango, yakavuka veranda, na sisi tulipandisha vitanda juu ya matofali tukangoja yatoke. Baba, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, aliyavumilia kwa sababu nyumba aliijenga yeye. Mama hakuwa na sababu hiyo. Alikuwa na shamba Kasungami, na shambani humo vyumba viwili ambavyo kuta zake zilikuwa zimefika juu lakini hazina paa. Alitaka mabati yawekwe kabla ya mvua, ahamie, apande mahindi kwa mkono wake mwenyewe.

“Mvua hii nikiikosa,” aliniambia, “magoti haitanipa ingine.”

Magoti yake niliyajua. Mimi ndiye niliyeyakanda kila jioni. Ndiyo maana nilikubali kuamrishwa.

Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu ilikaa verandani, penye mwanga, na wateja walinijua kwa mlio wake. Komisionere aliitazama kama mtu anayetazama mbuzi sebuleni. Alisema nyumba si karakana, niiingize chumbani kila anapoleta watu. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu, ya chuma. Niliiburuta asubuhi, nikairudisha mchana, na sketi za wanafunzi zilichelewa, na wazazi wao walikuja kunitukana mlangoni, jambo ambalo komisionere pia alilikataza.

Kisha mabido, yale madumu ya plastiki. Yeyote anayeishi mji huu anajua kwamba bomba halitoi maji kila siku, na kwamba nyumba isiyo na mabido ya maji ni nyumba isiyo na watu. Lakini yeye aliniagiza niyafiche nyuma ya choo, eti mgeni akiyaona atajua maji hayaji. Mgeni wa kwanza aliingia, akapita sebule bila kuitazama, akaenda moja kwa moja jikoni akafungua bomba. Likakohoa. Wa pili akafanya vilevile. Wote walifanya hivyo, na kila mara komisionere alishtuka kwa sauti kubwa: “Ah! Asubuhi yalikuwa yanatoka!” Alishtuka vizuri kweli, hata mimi niliyeshinda bila maji tangu juzi karibu nimwamini.

Sakafu yetu ni ya sementi nyekundu, ya kupigwa siraje, nta ya kung'arisha. Niliipaka nimepiga magoti, nikaisugua kwa kitambaa mpaka ikaonyesha dirisha kama kioo. Kiangazi cha Lubumbashi ni vumbi jekundu, na juu ya vumbi huja majivu ya pori linalochomwa pembezoni mwa mji, meusi, mepesi, yanashuka polepole juu ya nguo zilizoanikwa. Nikifagia, yanashuka. Jirani alisimama upande wa pili wa ukuta, mikono kiunoni.

“Dada, leo tena kuko communion?”

“Kuko bageni.”

“Eeh. Njo maana vumbi yenu yote inahamia kwetu. Na yenyewe munaiuzisha?”

Niliendelea kufagia. Huyu ndiye tuliyemhitaji, kwa sababu amri mbaya kuliko zote ya komisionere ilikuwa kumwondoa mama. Alisema mzee akikaa pale amenyoosha miguu, watu wanaona kama tunamfukuza, wanaingiwa na huruma, na mwenye huruma hatoi bei. Kwa hiyo kila wageni walipotangazwa, mama alichukua kigoda chake akaenda kwa jirani.

“Bwana yako iko njiani,” aliniambia, akijifunga kitenge. “Acha nikimbie, asinikute.”

Alitania. Mimi sikuweza. Nilimwona akivuka lango la nyumba yake mwenyewe na kigoda kwapani, ili mtu asiyemjua aje kupapasa mapazia yake.

Na walipapasa. Niliwachukia kwa mpangilio, kila aina na chuki yake. Kulikuwa na wanaume waliogonga kuta kwa vifundo vya vidole na kusikiliza kama madaktari, kisha wasiseme wamesikia nini. Kulikuwa na bibi mmoja aliyefungua kabati la nguo zangu, akaangalia, akalifunga, akamwambia mumewe, “Kabati ni kadogo,” kama vile kabati lilikuwa linauzwa. Mwingine aliinua kifuniko cha sufuria. Wachumba wawili walibishana mbele yangu wataweka wapi televisheni, na kijana akaonyesha ukuta wenye picha ya baba katika koti lake la reli, akasema, “Pale, tukiondoa ile mambo.” Nilisimama mlangoni nimeshika kitambaa cha siraje. Komisionere akanisogelea, akaninong'oneza:

“Maman, cheka kidogo. Unaogopesha bantu.”

“Bantu waogope.”

“Kaka yako alisema uko na akili.”

Waliondoka wote wakisema watarudi. Hakurudi hata mmoja, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mchana. Mama aliyatazama akiwa amekaa kwa jirani.

Nimezoea, jambo lisipoeleweka, kulirudia hatua kwa hatua. Shule niliiacha mapema; yote niliyojua baada ya hapo niliyatoa katika vitabu vinavyouzwa chini kando ya barabara, na vitabu hivyo kwa kawaida vimepoteza kurasa, kwa hiyo mtu anajifunza kutafuta kinachokosekana. Nikaanza kuwatazama wageni toka mbali, kabla hawajaingia. Nikaona kwamba wote walisimama nje, mahali pamoja, mbele ya ukuta, upande wa kushoto wa lango. Waliangaliana. Kisha waliingia wakiwa tayari wameamua.

Pale baba alikuwa ameandika kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: PARCELLE HII HAIUZISHWE. Mtu asiye wa huku anaweza kushangaa. Kwetu ni kawaida. Pita mtaa wowote utayaona maneno hayo kwenye kuta, kwa sababu kuna wezi wanaouza parseli, yaani kiwanja na nyumba ya mtu, akiwa kazini au hospitalini, na makaratasi wanayo. Baba aliandika ili kujikinga. Alipofariki, maneno yalibaki. Kaka yangu, siku aliyoamua kwamba sasa tunauza, alikuja na kopo dogo la rangi akayafunika. Hakupaka ukuta mzima. Alipaka maneno tu, kipande kirefu cha rangi ya maziwa juu ya ukuta uliokwisha kuwa wa kahawia, na baada ya wiki weusi ukaanza kutokeza chini yake kama mbavu.

Katika mji huu hakuna anayehitaji kufafanuliwa kipande kama hicho. Maana yake ni moja: familia inagombana, mmoja anauza na wengine hawajui. Mgeni anakiona, anaingia, anaikuta nyumba inang'aa kama haina mwenyewe, anauliza mwenye nyumba yuko wapi, komisionere anamjibu, “Muzee alisafiri.” Nani atanunua kesi?

Aliyenithibitishia ni mzee mmoja mstaafu, mtu wa heshima, aliyekuja peke yake. Alikataa kukaa. Aliniuliza kwa upole wa kuumiza:

“Mama yenu, munamuficha wapi?”

“Hatumufiche, baba. Eko kwa jirani.”

“Anafanya nini kwa jirani, na nyumba yake iko na viti?”

Akavaa kofia yake akaenda.

Nilimpigia kaka simu mchana uleule. Nikamwambia aje na rangi ya kutosha ukuta mzima, au aiondoe ile aliyopaka, na kwamba kuanzia leo mama atakaa kwenye veranda yake.

“Weye,” alisema, “unasomaka bitabu ya chini, unajiona avocat.”

“Na weye unapaka rangi sawa na mwizi.”

“Yaya yako, mukubwa yako, unaniita mwizi?”

“Nasema ukuta njo inakuita.”

Akakata. Hatukuonana tena mpaka siku ya kusaini. Lakini nilirudisha cherehani verandani na nikayatoa mabido nyuma ya choo, nikayapanga mbele ya jiko. Komisionere alipopiga kusema ana watu, nilimwambia waje walivyo, na sisi tuko tulivyo. Akasema kwa masharti hayo hafanyi kazi. Nikamtakia safari njema.

Kisha akaja mwanamke mmoja wa Kivu, bila komisionere, siku ya joto kali. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla, mwenye malori, mtu wa haraka. Simu moja mkononi, nyingine imekwama kifuani. Jirani yetu, ambaye hununua maharagwe kwake kwa gunia, ndiye aliyemwambia. Mama alikuwa uani, anageuza makayabo juu ya mbabula ya makaa, moshi unatoka mpaka barabarani. Nyumba sikuwa nimefagia. Vipande vya kitambaa cha shule vilikuwa kila mahali. Yule mwanamke alisimama mbele ya ukuta, akasoma kile kilichofichwa, akaingia, akaenda moja kwa moja kwa mama.

“Maman, jambo. Hapo ku ukuta mulifunika nini?”

“Maneno ya marehemu,” mama alisema bila kuacha kugeuza samaki. “Alikataza kuuzisha. Sasa alikufa, njo miye nasema.”

“Na batoto?”

“Batoto banafanya fujo, sawa na batoto. Watasaini. Ukitaka, nitaita bote, hata ule wa rangi.”

“Banasema ulisafiri.”

“Nilisafiri. Mpaka pale.” Akaonyesha ukuta wa jirani kwa uma.

Mwanamke akacheka, akaomba kipande cha samaki, akakila akiwa amesimama. Kisha akapima lango kwa hatua zake, akaenda mpaka mwisho wa ua, akarudi, akamwita dereva wake amwambie kama lori litaweza kugeuka. Mimi nilikwisha kufungua mlango wa sebule. Nilimwambia karibu, aone ndani, sakafu ni imara, paa halivuji.

“Hapana, dada. Haina kazi.”

“Haujaona hata chumba moja.”

“Natafuta nafasi ya kuweka depo. Nyumba nitabomoa.”

Alisema bila ubaya, jinsi mtu anavyosema atakata majani. Sijui nilimwangalia vipi, maana alirudi nyuma hatua moja. Nilifikiria magoti yangu juu ya ile sementi, wiki baada ya wiki, na kabati langu lililofunguliwa, na wale wote waliogonga kuta. Nilitaka kumfukuza. Neno lilikuwa tayari mdomoni, nalo halikuwa neno la kuandikwa kitabuni.

Mama akaniwahi. “Abomoe,” alisema. “Maji itakosa pa kuingia.” Kisha akamgeukia mwanamke, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya sokoni. “Lakini miye siondoke hapa mpaka bati yangu ifike Kasungami. Uko na malori. Unabeba bati, unabeba miye, mbele ya mvua. Kama ni nyuma ya mvua, tafuta nafasi kwengine.”

“Mbele ya mvua,” mwanamke alikubali. “Hata miye nina haraka.”

Watoto tulisaini wote. Kaka alifika amevaa suti, akasaini bila kunitazama, na komisionere, aliyenusa habari, alisimama langoni akidai sehemu yake kwa sauti ambayo mtaa wote ulitoka kuisikiliza. Mama alimwambia akamdai yule aliyemtuma. Wakaondoka pamoja, yeye na kaka, wakigombana.

Mabati yalifika Kasungami, yakapigwa misumari. Lori lilikuja asubuhi yenye mawingu mazito. Mama alipanda kukaa pembeni ya dereva kabla hatujapakia hata kiti, na toka juu pale akatuamrisha sote, akauliza mbegu ziko wapi, akauliza tunangoja nini. Hakugeuza kichwa kuitazama nyumba. Alitazama mawingu upande wa Kasungami, na alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimemwona nayo tangu baba afariki.

Mimi nilibaki nyuma. Nilizunguka nikafunga madirisha, moja moja, na komeo zake, kisha nikatoka nikaingiza ufunguo katika mlango wa mbele. Dereva aliteremka kuja kuniharakisha.

“Maman, unafunga nini? Kesho banabomoa.”

Nilimtazama mpaka akarudi ndani ya lori. Kisha nikazungusha ufunguo mara mbili, nikausukuma mlango kwa bega kuhakikisha.