Assam Ambayo Sikuisikiliza
Kiwanda cha magari nilichofanyia kazi, mtaani Forest, kilipofungwa, nilirudi darasani na mvi zangu, karibu na stesheni ya Gare du Nord, kujifunza Kiholanzi. Mwalimu alinipanga na mama mmoja Mhindi anayesafisha maofisi. Kila mmoja alitakiwa amuulize mwenzake habari za kwao, kisha azieleze mbele ya darasa.

Yeye alitangulia. Aliniuliza kuhusu Bukavu mpaka nikachoka: ziwa letu, lugha ya nyumbani, mama alilima nini. Jina la kijiji chetu alilirudia mara tatu ili alitamke sawasawa. Zamu yangu ilipofika, akaanza kunieleza Assam, jimbo lao huko India, kwa Kifaransa cha kuungaunga. Nilikuwa naitikia "oui, oui" huku macho yangu yakiwa kwenye simu, natazama mpira.

Siku ya kusema, nilisimama na mambo ya India niliyoyaokota mtandaoni ndani ya tramu. Nikasema kwao wanaongea Kihindi, wana jangwa na ngamia. Nikapigiwa makofi. Yeye akainama. Kisha akasimama akaeleza kwetu Kivu kama mzaliwa wa huko: lugha yetu Mashi, Kiswahili, chai ya milimani, hata vita vilivyotutoa. Nilitamani kujificha. Mimi ndiye ninayekasirika Wazungu wakiniuliza kama nasema "Kiafrika".

Jumapili nilimkuta sokoni Flagey, akichagua bilinganya.

"Maman, unisamehe," nilimwambia. "Niambie tena. Leo nitasikiliza."

"Bon, tumekwisha kusema mbele ya watu. Sasa unataka ya nini?"

Hata hivyo aliniambia, taratibu. Lugha yake ni Kiassam. Majirani zake husema Kibodo na Kibengali. Wafalme wa Ahom walitawala bonde la Brahmaputra karibu miaka mia sita. Baadaye Waingereza walileta watu kutoka mbali kuchuma chai, na wajukuu wao bado wanachuma. Mto Brahmaputra hufurika kila msimu wa mvua na kumega ardhi. Nyumba ya wazazi wake ilikwenda hivyo, pamoja na kiwanja chake.

Jumatatu nilisimama darasani nikakiri, nikayasema yote upya. Wachache walicheka. Yeye alinishukuru kwa kichwa tu. Mazoezi ya wawili wawili yalipoanza, alikuwa amekwisha kuhamia meza ya dirishani, kwa mwanamke mwingine. Mwalimu akanipa mwenzangu mpya. Nilizima simu, nikamuuliza kwao ni wapi.